Mtakatifu Louis Martin: Fundi Saa, Baba, na Mgonjwa



Makanisa mengi ya kwetu yana picha au sanamu ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtawa kijana aliyeshika msalaba na maua ya waridi. Wengi wetu tuna dada au shangazi anayeitwa Teresia kwa ajili yake. Lakini ukiuliza kwenye jumuiya baba yake alikuwa nani, mara nyingi utapata kimya. Na baba yake naye ni mtakatifu. Alikuwa fundi saa, akastaafu, akalea mabinti bila mke, na miaka yake ya mwisho akaishi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike leo. Na ili niwe mkweli kwenu, inabidi nianze kwa kukiri jambo langu mwenyewe.

Babu yangu, baba yake baba, alikuwa fundi seremala. Mabenchi mengi ya kigango chetu yametoka mikononi mwake. Alipozeeka akaanza kusahau: kwanza majina, halafu njia ya kurudi nyumbani, mwisho sisi wenyewe. Likizo moja nikiwa frateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa, nikiwa nimevaa kanzu na kukaa mbele karibu na altare, babu alisimama katikati ya mahubiri. Akaanza kupita benchi moja baada ya jingine, anayagonga kwa kidole, anatafuta lililolegea. Watu wakacheka. Baada ya Misa frateri mwenzangu, aliyekuwa mgeni pale, akaniuliza yule mzee ni nani. Nikamjibu kwamba ni mzee mmoja tu wa pale kijijini.

Ndiyo, nilisema hivyo. Na jogoo hata hakuwika.

Kipindi hichohicho darasani tulikuwa tunasoma maana ya mtu. Tangu Boethius, wanafalsafa wetu wa Kikristo wamefundisha kwamba mtu ni nafsi moja yenye asili ya akili. Nilifaulu vizuri somo hilo. Sikuwahi kujiuliza, akili ikimtoka mtu, kinabaki nini? Swali hilo lilikuja kunijia baadaye sana, na aliyenisaidia kulijibu hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa huyu fundi saa.

Kijana aliyerudishwa mlangoni

Louis Martin alizaliwa tarehe 22 Agosti 1823 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa askari, kapteni jeshini, na familia ilihamahama naye mpaka ikatulia Alençon, mji wa mkoa wa Normandy. Louis hakufuata bunduki ya baba yake. Alichagua kazi ya kukaa kimya: ufundi saa. Aliusomea Rennes, kisha Strasbourg, na baadaye Paris.

Sisi tunaotazama saa kwenye simu ni rahisi kusahau saa ya wakati ule ilikuwa kitu gani. Ilikuwa mashine ndogo ya magurudumu yenye meno, springi, na skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Fundi aliinama mezani na lenzi jichoni, mkono hautetemeki, pumzi anaivuta taratibu. Gurudumu moja likikosea, saa nzima inadanganya. Kazi kama hiyo inakuzoeza uvumilivu, na inakuzoeza kuheshimu vitu vidogo. Ukikumbuka kwamba binti yake ndiye aliyekuja kuufundisha ulimwengu Njia Ndogo, utaona kwamba nyumba ile ilizoea udogo muda mrefu.

Lakini kijana Louis alikuwa na hamu nyingine moyoni. Mwaka 1845, akiwa na miaka 22, alipanda milima ya Alps hadi monasteri ya Mtakatifu Bernard Mkuu, huko Uswisi, kwa wakanoni wa Mtakatifu Agustino. Hawa ndio waliosifika kwa kuwapokea wasafiri na kuwaokoa waliopotea kwenye theluji, wakisaidiwa na mbwa wao wakubwa. Aliomba kujiunga nao. Mkuu wa nyumba akamuuliza kama anajua Kilatini. Hakujua. Akaambiwa aende akasome kwanza, ndipo arudi.

Akarudi nyumbani, akanunua vitabu, akalipia masomo. Zaidi ya mwaka alihangaika na Kilatini, na mwisho akakiacha. Kule mlimani hakurudi tena. Alirudi kwenye meza ya ufundi, na Novemba 1850 akafungua duka lake la saa Alençon, kwenye mtaa wa Pont-Neuf. Baadaye akaongeza vito.

Najua kati yenu mnaosoma hapa wapo waliorudishwa kutoka seminari au utawani. Nyumbani watu wanawaangalia kama waliofeli, na ninyi wenyewe mnajiona hivyo. Mtazameni huyu. Mlango ule ulifungwa kweli, na inawezekana uliuma. Lakini Mungu hakuwa amemkataa. Alikuwa anamsubiri kwenye daraja.

Duka lililofungwa Jumapili

Kabla ya daraja, tuseme kidogo kuhusu duka. Jumapili Louis alilifunga. Leo tunaona kawaida, lakini wakati ule watu wa mashambani walikuja mjini Jumapili hiyohiyo, na hapo ndipo wenye maduka walipopata wateja. Marafiki walimshauri aache wazi hata mlango wa pembeni tu. Alikataa. Siku ya Bwana ilikuwa ya Bwana, hata kama pesa ilipita mbele ya mlango na kwenda kwa jirani.

Kila siku alihudhuria Misa ya alfajiri. Alikuwa na kibanda chake chenye bustani, kinaitwa Pavillon, alichokinunua mwaka 1857, na huko alisoma na kusali. Alipenda sana kuvua samaki, na mara nyingi samaki wake waliishia jikoni kwa watawa Waklara wa pale mjini. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kwake maskini hawakuwa ajenda ya kikao. Siku moja alimkuta kituo cha treni mtu mwenye kifafa, ana njaa na hana nauli. Louis alivua kofia yake mwenyewe, akatia humo hela, akazunguka kwa abiria akimwombea. Fundi mwenye duka lake, anapitisha kofia kama ombaomba! Siku nyingine alimkuta mfanyakazi amelewa, ameanguka njiani. Akambebea sanduku lake la vifaa, akamshika mkono, akamfikisha kwake.

Weka akilini ile kofia. Mtu aliyekubali kuonekana ombaomba kwa ajili ya mgonjwa, baadaye yeye mwenyewe atakuwa mgonjwa anayetazamwa na watu.

Mume wa Zélie

Mwaka 1858, kwenye daraja la Mtakatifu Leonard pale Alençon, alipishana na msichana anaitwa Zélie Guérin. Zélie alikuwa fundi naye. Alitengeneza lesi ya Alençon, kazi ya sindano na uzi iliyosifika Ufaransa nzima, na alikuwa na biashara yake mwenyewe. Na yeye pia aliwahi kubisha hodi utawani akakataliwa. Hebu waone hao wawili, kila mmoja na mlango wake uliofungwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Julai 1858, saa sita usiku, walifunga ndoa katika kanisa la Mama Yetu pale Alençon.

Mwanzoni waliishi kama kaka na dada, kwa sababu walifikiri utakatifu ndio huo. Ilipita miezi kama kumi hivi mpaka padre muungamishi alipowasaidia kuelewa kwamba ndoa yenyewe, pamoja na watoto wake, ni njia ya kwenda kwa Mungu. Wakaelewa vizuri sana: walipata watoto tisa!

Wanne kati yao walikufa wadogo. Wavulana wawili, wote wakiitwa Joseph, hakuna aliyetimiza mwaka. Hélène alikufa mwaka 1870 akiwa na miaka mitano. Mwaka huohuo alikufa kitoto kichanga, Mélanie-Thérèse. Walibaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na wa mwisho Thérèse, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873. Mtu akikuambia kwamba watakatifu hawajui maisha yetu, mpeleke kwenye nyumba hiyo iliyotoa majeneza manne madogo.

Sasa vijana wa kiume, sikilizeni hapa. Biashara ya Zélie ilikua kuliko mwenyewe alivyoweza kuibeba. Mwaka 1870 Louis aliuza duka lake la saa kwa mpwa wake. Alikuwa fundi anayeheshimika, na akaacha meza yake ili kushughulikia hesabu na safari za biashara ya mke wake. Alikwenda Paris kutafuta oda na kupeleka lesi. Leo hii, mwaka tuliomo, wapo wanaume ambao wangeona aibu kusema wanafanya kazi kwenye biashara ya mke. Yeye kwa kadiri tunavyomwona hakuwa na shida. Mke ana kipaji, familia inahitaji, basi.

Zélie alipatwa na saratani ya titi. Alikufa tarehe 28 Agosti 1877. Louis alibaki na miaka 54 na mabinti watano, wa mwisho ana miaka minne.

Baba aliyewatoa mmoja mmoja

Mwaka huohuo, Novemba, alihama. Aliacha Alençon, rafiki zake, mama yake mzee, uvuvi wake na kibanda chake, akaenda Lisieux ili mabinti wawe karibu na mjomba wao Isidore Guérin, mfamasia, na mke wake. Huko hakuwa na kazi tena. Aliishi kwa akiba, kazi yake ikawa ni kuwa baba. Nyumba yao iliitwa Buissonnets. Mchana alitembea na Thérèse mdogo, wakaingia kanisa hili leo na lile kesho kumwabudu Yesu wa Ekaristi. Jioni walicheza, wakasoma, wakasali pamoja. Thérèse alikuja kusimulia kwamba kumtazama tu baba yake akisali kulimtosha kujua watakatifu wanasalije.

Usonara haukumtoka. Marie alimwita almasi, Pauline alimwita lulu. Thérèse alimwita malkia wake mdogo.

Halafu akaanza kuwatoa. Oktoba 1882 Pauline aliingia Karmeli ya Lisieux. Oktoba 1886 akaingia Marie. Mei 1887 Louis alipata kiharusi cha kwanza, na mwezi huohuo, jioni ya Pentekoste, Thérèse akiwa na miaka 14 alimfuata bustanini akamweleza kwamba naye anataka kuingia. Mzee alilia. Kisha akasogea kwenye ukuta, akang'oa ua dogo jeupe pamoja na mizizi yake, akampa, akimweleza jinsi Mungu alivyolilinda ua lile mpaka siku hiyo. Thérèse alilitunza maisha yake yote.

Na hakuishia kuruhusu tu. Kwa kuwa binti alionekana mdogo mno, baba alimpeleka kwa askofu wa Bayeux. Ilipobidi, Novemba 1887 alikwenda naye hija mpaka Roma, ambako Thérèse alipiga magoti mbele ya Papa Leo XIII kuomba ruhusa. Tarehe 9 Aprili 1888 akamsindikiza hadi mlango wa monasteri. Binti alipiga magoti kuomba baraka, na baba naye akapiga magoti kumbariki, machozi yakimtoka.

Majira hayo ya mwaka 1888 Louis aliwaambia mabinti zake kwamba alikuwa amesali Alençon, katika kanisa lilelile alimofungia ndoa. Alimwambia Mungu kwamba furaha yake imezidi, na akajitoa ateseke kidogo kwa ajili yake. Mimi nikisoma hapo huwa natulia kwanza. Kwa sababu kilichofuata hakikuwa kidogo.

Akili ilipoondoka

Juni 1888 Louis alipotea. Siku nne familia haikujua alipo, mpaka alipopatikana Le Havre, mji wa bandari. Kumbukumbu ilianza kukatika, halafu ikarudi, halafu ikakatika tena. Mishipa ya damu ya ubongo ilikuwa imeharibika. Tarehe 10 Januari 1889 alikuwa mzima kiasi cha kuweza kuhudhuria sherehe ya Thérèse kuvalishwa mavazi ya kitawa. Ilikuwa siku nzuri, na theluji ilianguka kama binti alivyokuwa ametamani.

Mwezi mmoja baadaye alianza kuona vita ambavyo havikuwepo. Alichukua bastola akiamini anawalinda mabinti zake. Familia ikaogopa. Tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa hospitali ya Bon Sauveur, mjini Caen, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu.

Mjini Lisieux watu walisema. Walisema kwamba ni hao mabinti waliomwacha baba na kukimbilia utawani ndio waliomtia wazimu, hasa huyo mdogo. Maneno yakavuka ukuta wa Karmeli yakamfikia Thérèse, mnovisi wa miaka 16. Nasi tunayajua maneno hayo, tofauti ni lugha tu. Kwetu wangesema mzee amerogwa, au ni laana ya ukoo, au kuna kitu watoto wamemfanyia.

Kuna jambo moja la mwaka ule ambalo ni gumu kulisoma. Ilibidi Louis atie sahihi karatasi ya kuachia usimamizi wa mali yake. Kwa bahati mbaya siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia, kwa hiyo alielewa kila kitu. Alilia, akiona kwamba watoto wake hawamwamini tena.

Léonie na Céline walihamia Caen kwa muda ili wawe karibu naye. Waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa wiki, lakini kila siku walikwenda mlangoni kuuliza hali yake. Na kwenye saa zake za utulivu, Louis alipokea Komunyo, akawa mpole kwa wauguzi, akawagawia wagonjwa wenzake alichopewa. Aliwahi kueleza kwamba maisha yake yote alizoea kuamuru na hakuwahi kushushwa. Sasa alikuwa na la kutii, na alikubali kwamba alihitaji hilo. Siku nyingine hakuweza kusema hata hayo. Wakati mwingine alijifunika uso kwa kitambaa.

Thérèse alikumbuka kitu. Akiwa mtoto, siku ambayo baba yake alikuwa safarini, aliona kwa dirisha mtu anapita bustanini amevaa kama baba, ameinama, kichwa kimefunikwa. Aliita, hakujibiwa, na bustanini hapakuonekana mtu. Miaka yote hakuelewa maana yake. Sasa akaelewa.

Siku ile ya kuvalishwa mavazi ya kitawa, Thérèse alikuwa ameongeza kwenye jina lake. Sisi husema Teresia wa Mtoto Yesu, tukaishia hapo. Jina lake kamili ni Teresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu. Uso Mtakatifu ni uso wa Kristo katika mateso, yule mtumishi wa Isaya ambaye watu walimficha nyuso zao na kumdharau. Thérèse alipotafakari uso huo alimwona baba yake, na alipomfikiria baba yake alimwona Kristo. Tarehe 12 Februari, siku ya aibu ya familia, yeye aliihesabu kuwa utajiri wao.

Watu wa mjini waliona kichaa. Binti aliona Uso.

Mwisho wake

Tarehe 10 Mei 1892, miguu ikiwa imepooza na hatari imekwisha, Louis alirudishwa nyumbani. Siku mbili baadaye alipelekwa Karmeli kuwaona binti zake, kwa mara ya mwisho. Hakuweza kusema sana. Wakati wa kuagana aliinua kidole akaonyesha juu, mbinguni, na ndiyo ikawa kwaheri yake.

Céline alimtunza mpaka mwisho. Louis alikufa tarehe 29 Julai 1894 huko La Musse, karibu na Évreux, akiwa na miaka 70. Septemba yake Céline naye akaingia Karmeli. Mwaka uliofuata Thérèse alianza kuandika kumbukumbu zake za utoto, kitabu kilichomfanya baba huyu ajulikane mahali ambapo saa zake hazikufika.

Thérèse alitangazwa Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akafanywa Msimamizi wa Misioni, ndiyo maana jina lake limeenea hivi huku kwetu. Wazazi wake walitangazwa Wenyeheri mwaka 2008 pale Lisieux. Tarehe 18 Oktoba 2015, wakati wa Sinodi ya Maaskofu juu ya familia, Papa Fransisko akawatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke pamoja katika ibada moja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Kanisa halikuichana kurasa ya hospitali ili picha ipendeze. Liliichukua miaka yote 70, pamoja na ile ya kitambaa usoni, likasema huyu ni wetu na yuko mbinguni.

Basi kinabaki nini?

Narudi kwenye swali langu la darasani. Boethius hakukosea. Mimi ndiye niliyemsoma vibaya. Alisema mtu ana asili ya akili, na asili haiondoki kwa ugonjwa, kama fundi asivyoacha kuwa fundi anapolala usingizi. Louis aliyesahau mji wake hakuwa nusu mtu. Na imani inaongeza lile ambalo falsafa haifiki: alikuwa amejitoa kwa Mungu akiwa na akili timamu, na Mungu hakusahau alichopewa, hata mtoaji aliposahau kwamba alitoa.

Babu yangu alikufa nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Sikupata nafasi ya kumwambia frateri yule, mbele yake, kwamba huyu ni babu yangu na benchi ulilokalia amelitengeneza yeye. Nimeungama, na nimesamehewa. Lakini ninapoingia kigangoni bado nagonga benchi kwa kidole kabla ya kukaa. Na siku hizi naelewa alichokuwa anafanya asubuhi ile. Alikuwa kazini, analihudumia Kanisa kwa kile kilichobaki mkononi mwake.

Wewe bado una nafasi. Kama nyumbani kuna bibi anayerudia swali moja mara ishirini, au baba mdogo ambaye akili imemruka, nakuomba mambo matatu. Usimfungie ndani wala usimtafutie mchawi, mpelekeni hospitali, kwa sababu ugonjwa wa ubongo ni ugonjwa kama mwingine. Mwiteni padre, kwa maana Mpako wa Wagonjwa haumngojei mtu mpaka awe na akili timamu. Na mgeni akikuuliza huyu ni nani, taja jina lake, na useme ni nani kwako.

Tusali: Ee Mungu Baba yetu, uliyemfanya Mtakatifu Louis kuwa mwaminifu kwenye meza ya kazi, nyumbani na katika giza la ugonjwa, utujalie kuuona uso wa Mwanao kwa wazee wetu waliosahau nyuso zetu. Uwapokee waliokufa kabla hatujawaomba msamaha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Louis Martin, utuombee. Mtakatifu Zélie, utuombee. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu, utuombee.

Mungu awabariki, tukutane tena wiki ijayo. Na leo kabla hujalala, mpigie simu babu.